Mafuta ya Lavenda na Ng'ombe Wetu wa Gredi

Molo,
Jumapili mchana

Kwa Baba yangu mpendwa, pamoja na Mama,

Nawasalimu kwa heshima kutoka huku kwenye baridi. Je, hamjambo wote hapo Manga? Goti la Mama linaendeleaje, hasa msimu huu wa pareto ambapo hana budi kuinama shambani kutwa nzima? Na wewe Baba, kile kikohozi cha asubuhi kimekuachilia? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nafanya kazi, nalala. Msinihurumie kwa lolote, maana mkifika mwisho wa barua hii mtaona kuwa huruma hiyo sikuistahili.

Kemunto, dada yangu, najua wewe ndiye unayesoma. Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoeshwa shuleni, nawe utamgeuzia Baba kwa Ekegusii. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Nakujua wewe, ukikuta neno chungu unalitia asali. Hii ya leo usiitie asali. Isome Baba na Mama wakiwa wameketi pamoja, na pasiwe na mgeni nyumbani. Ukishindwa mahali, pumzika, kisha endelea, lakini usiruke.

Baba, barua yako niliipata Jumatano nikiwa nakata ua. Nilipouona mwandiko wa Kemunto juu ya bahasha nilifurahi, nikaifungua palepale nimesimama, mkasi kwapani. Ukaniambia Mgeni, ng'ombe wetu wa gredi, amekufa. Uliniambia jinsi tezi zilivyomvimba chini ya masikio kama viazi, akaacha kula, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo, povu likamtoka puani, na siku ya sita akalala asiinuke tena. Ukaniambia pia kuwa mtamba wa jirani yetu Mama Kerubo alikwenda njia hiyohiyo wiki iliyofuata. Hayo peke yake yangetosha. Lakini yaliyonimaliza ni yale uliyoyaweka mwishoni: "Mwanangu, labda nilikosea kuyapaka. Mikono yangu ni ya jembe, haijui kazi ya daktari. Niandikie nilikosea wapi, na utuletee chupa nyingine iliyo kali zaidi, maana ndama bado yupo."

Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea pale inapokunjwa. Baba, hukukosea. Ulifanya kila kitu kama nilivyokuagiza, na ndiyo sababu ng'ombe akafa.

Mimi si msaidizi wa daktari wa mifugo. Sijawahi kuwa hata siku moja.

Nieleze vizuri ili Mama asidhani nimefukuzwa kazi. Nilipoondoka nyumbani nikiwa na ile barua ya kwenda kufunzwa kazi ya mifugo, nilifika mahali penyewe, wakaiangalia, wakaomba cheti cha shule. Nikatoa nilichokuwa nacho. Yule karani akakisoma, akanirudishia akisema, "Kijana, kwa alama hizi hapa hapana nafasi." Alisema kwa upole, wala sina kinyongo naye. Ningerudi nyumbani siku ileile. Lakini Sabato iliyotangulia kanisa zima lilikuwa limesimama kuniombea, na wewe Baba ulikuwa umevaa koti lako la harusi kwa ajili yangu. Nikaona haya kurudi. Nikatembea shamba kwa shamba nikiuliza kazi, mpaka nikafika kwa bibi mmoja mzungu, mjane mzee, aliyebaki hapa wenzake walipouza mashamba na kwenda kwao. Aliniuliza swali moja tu: "Unaogopa mbwa?" Nikasema siogopi.

Hiyo ndiyo kazi yangu hadi leo. Bibi ana mbwa wanne wakubwa. Ninawaogesha, ninawachana manyoya, ninawatoa kupe, na muda unaobaki natunza bustani yake ya maua.

Barua yangu ya kwanza niliandika kuwa nafanya kazi na wanyama. Hilo lilikuwa kweli. Mkanijibu kuwa mmemshukuru Mungu kanisani kwa kuwa mwana wenu sasa yuko na daktari wa ng'ombe. Nilipaswa kuwasahihisha siku hiyohiyo. Niliketi na kalamu nikitaka kuandika, nikaona ile furaha yenu, nikaiacha ikae. Barua ya pili neno "daktari" nililiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na baada ya hapo likawa rahisi.

Sasa nifike kwenye hayo mafuta. Katika bustani ya bibi kuna safu ndefu ya mmea unaoitwa lavenda. Majani yake ni membamba, rangi ya majivu, na maua yake ni ya zambarau. Ukiyafikicha yananukia kama sabuni ya wageni. Yakishachanua bibi ananituma niyakate, tunayaning'iniza vichwa chini ghalani hadi yakauke. Halafu anayajaza kwenye chupa, anayamwagia mafuta ya kupikia mpaka yafunikwe, na chupa zinakaa dirishani kwenye jua wiki nne au tano. Baadaye tunayachuja kwa kitambaa. Kabla ya kutembea nyasini na mbwa wake, bibi anayapaka kwenye soksi zake na kwenye kola za mbwa, halafu kidogo migongoni mwao. Kupe hawaipendi harufu ile. Hayo niliyaona kwa macho yangu: mbwa waliopakwa walirudi na kupe wachache kuliko siku ambayo hawakupakwa. Kwa hiyo mafuta yenyewe si uongo. Uongo ni ule nilioyatia mimi.

Mnakumbuka nilivyokuja Desemba. Nilishuka basi Keumbu nimevaa lile koti jeupe. Koti lile, Baba, ni la mpishi wa zamani wa bibi. Nilipewa nilivae nikiogesha mbwa nisilowe. Kijana mmoja wa Nyamira tunayefanya kazi naye hapa alinionya nisilivae njiani, akasema, "Watu wetu wataona koti kabla hawajakuona wewe." Sikumsikia, kwa sababu hicho hasa ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilibeba chupa sita. Nilipofika nyumbani nikamkagua Mgeni meno, nikamshika masikio, nikatikisa kichwa kama nilivyoona madaktari wakifanya wanapokuja hapa. Majirani walijaa uani. Mkaleta kiti, nikaketi, na wewe Baba ukabaki umesimama. Hilo nalikumbuka kila siku. Ulisimama, mimi nikaketi.

Mama peke yake ndiye aliyeuliza. Alikuwa anachambua mboga pale mlangoni, hakuinua hata kichwa.

"Na josho je?"

Nikamwambia, "Josho la nini, Mama? Ile ni sumu, inachoma ngozi na kupunguza maziwa. Sisi kule kazini tumeliacha zamani."

"Ng'ombe wa gredi si kama hawa wetu," akasema. "Yule mtu aliyetuuzia alisema asikose josho hata wiki moja."

Nawe Baba ukamkatiza: "Mama Nyabuto, mtoto ameyasomea haya. Wewe umesomea wapi?"

Mama akanyamaza. Mama, nakuomba msamaha kwa ule ukimya wako kuliko hata kwa ng'ombe. Ulikuwa unasema kweli nyumbani mwako, nami nikakaa kwenye kiti nikaacha unyamazishwe.

Jumatano yake watu walipokuwa wanapitisha mifugo kwenda kuogesha, wewe Baba ulisimama getini na fimbo yako. Yule mtu wa josho alikuwa akipita na daftari lake, akakuuliza mbona Mgeni hatoki. Ukamjibu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Hizo zenu zipelekeni zikaogeshwe sumu. Mgeni ana daktari wake." Yeye akaniangalia mimi, si wewe. Akasema tu, "Haya, mzee." Mimi nilikuwa nyuma yako na koti jeupe, na nilicheka, Baba. Nilicheka kwa sauti.

Na Mama Kerubo, mjane wa watu, alikuja jioni yake na kopo tupu la mafuta ya Kimbo mkononi. Akasema, "Mwanangu, nitilie kidogo tu, mtamba wangu ni mmoja." Nikamtilia. Alinibariki kwa kuniwekea mkono kichwani.

Najua mwanzoni yalionekana kufanya kazi. Mliniandikia kuwa Mgeni ananukia hadi watoto wa jirani wanamwita bibi harusi, na kuwa kupe wa miguuni wamepungua. Nilizisoma barua hizo kwa kiburi. Kisha mvua za Aprili zikaja, sikufikiri kuwa mvua inayaosha yale mafuta, wala kuwa ndio wakati kupe wanapozaana. Nilikuwa natunza maua.

Baada ya kupata barua yako nilikwenda kwa mzee Cheruiyot. Yeye ni Mkipsigis, ndiye mkubwa wa wachungaji wa ng'ombe hapa, na ameishi na ng'ombe wa gredi tangu zamani za wazungu. Nilimkuta zizini anamkamua mmoja. Nikamweleza kama habari za mtu mwingine, rafiki yangu fulani.

Akauliza, "Mafuta ya maua? Yale ya mbwa wa bibi?" Akaanza kucheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha. Akaondoa ndoo pembeni.

"Ni ng'ombe wa baba yako," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mlimpaka wapi?"

"Mgongoni na miguuni. Masikioni nilimwambia asipake, yasije yakamwasha."

Mzee yule akainuka. Kisha akamshika yule ng'ombe sikio, akaligeuza ndani nje, akanionyesha. "Kupe mwenye ile homa hukaa humu. Humu ndani. Kupe wa mguuni ni wa kukwaruza tu. Huyu wa sikioni ndiye anayeua, na ng'ombe wa gredi hana nguvu naye hata kidogo. Wale wetu wa kienyeji wengine huponapona. Wa gredi, ukimnyima josho msimu wa mvua, umemchinja." Akaliachia lile sikio. "Na wewe, Nyabuto, kila Alhamisi ni nani anayetufungulia geti tukipeleka hawa joshoni?"

Baba, ni mimi. Geti la kwenda joshoni liko kando ya bustani ya maua. Kila Alhamisi tangu nilipofika shamba hili nimekuwa nikiweka jembe chini, nikilifungua geti, na ng'ombe zaidi ya mia wanapita mbele yangu kwenda kuogeshwa, halafu nalifunga. Nilipomwambia Mama kuwa sisi kule tumeliacha josho, nilikuwa nimelifungua geti hilo siku chache tu kabla ya safari. Sikuwa nimekosea kwa kutojua. Nilijua. Nilisema vile kwa sababu mtu aliyeleta dawa ya kienyeji peke yake angeonekana mtunza bustani, na mtu aliyeleta dawa inayoshinda josho la serikali angeonekana daktari.

Nilikwenda pia kwa bibi, nikamweleza. Sikumwambia habari ya koti. Alishangaa sana. "Lakini ni kwa ajili ya soksi zangu," alisema, akairudia mara mbili. Kisha akauliza kama ng'ombe alikuwa na jina. Nilipomwambia Mgeni akainama akaendelea kufuma, nami nikarudi kwenye mbwa.

Kemunto, hapa ni pako. Chini ya barua ya Baba umeandika kwa herufi ndogo, nadhani bila yeye kujua, kuwa tangu maziwa yaishe umekaa nyumbani na kitabu chako cha hesabu umempa binti wa jirani. Wewe ndiye uliyekuwa ukiyabeba yale maziwa alfajiri kwenda barabarani, miguu mitupu kwenye umande, ndipo uende shule. Sikuwa na haki ya kukuomba unisomee barua hii, lakini nyumbani hakuna mwingine. Kiondoe kile kitabu kwa binti wa jirani. Kuanzia muhula ujao nitakusomesha mimi. Mshahara wa kuogesha mbwa si mkubwa kama nilivyowadanganya, lakini ada yako unaitosha, kwa sababu mimi hapa nalala na nakula kwa bibi. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo. Pesa zangu zilikuwa zikienda kwenye viatu na picha za kupigwa studio nizitume kwenu.

Sasa Baba, naomba unisikie kwa hili hata kama hutaki kunisikia kwa mengine. Ndama aende joshoni Jumatano ya kwanza baada ya barua hii kufika. Si ile inayofuata. Ile chupa iliyobaki, kama ipo, usiitupe, Mama ajisugulie goti, haidhuru. Lakini isimguse ndama, na jirani yeyote asipewe. Kabla ya Jumatano, Kemunto amkague masikio kila asubuhi, ndani kabisa, na kila kupe anayemwona amtoe. Tezi zikivimba msingoje barua yangu, nendeni kwa mganga wa mifugo wa kweli, yule wa Kisii mjini.

Najua ni vigumu kwako kupita tena mbele ya yule mtu wa josho baada ya maneno yale ya getini. Nimekufikiria sana ukiwa na fimbo yako na ndama mmoja, na watu wakitazama. Tafadhali usinifiche. Ukifika mwambie, "Mwanangu alinidanganya." Ni maneno machache, na ni ya kweli, na aibu yake ni yangu, si yako. Watu wanajua wewe si mtu wa majivuno. Ulijivunia mwanao, basi. Na hilo nalo sasa nimekunyang'anya.

Kwa Mama Kerubo usipeleke habari hii wewe. Niachie. Nimekubaliana na mzee Cheruiyot kwamba siku zangu za mapumziko nitamsaidia kukamua na kusafisha zizi, naye ataniombea kwa bibi nilipwe kwa ndama jike atakayezaliwa mwaka huu. Akipatikana ataenda kwa Mama Kerubo kwanza. Nyumbani kwetu baadaye. Najua mtakubali, maana yeye hana mume wala mwana wa kumtafutia mtamba mwingine. Tangu juzi nimeanza kuingia zizini. Cheruiyot ananifundisha kushika sikio la ng'ombe bila kumtisha. Amesema mikono yangu si mibaya. Siandiki hilo ili mniite daktari tena.

Nisalimieni Nyanya mzaa baba, mwambieni tu kuwa mjukuu wake anamkumbuka, yaliyobaki mtaona wenyewe kama anaweza kuyabeba. Msalimieni mjomba wa Nyamira aliyeniazima sanduku, liko salama. Wasalimieni shangazi na watoto wake. Na yule mzee wa kanisa aliyeniombea kwa kuniwekea mikono, mwambieni kazi yangu hasa ni ipi, ili akiendelea kuniombea amwambie Mungu jambo la kweli.

Baba, nataka kuja mwisho wa mwezi ujao, bila koti, kuomba msamaha kwa kinywa changu: kwenu kwanza, halafu kwa Mama Kerubo, halafu pale joshoni mbele ya watu walionisikia nikicheka. Lakini siwezi kuja kama hamtaki kuniona, na sitaki uhangaike kutafuta maneno ya kumsamehe mtu kwenye karatasi. Kwa hiyo kama hamnitaki, Kemunto aniandikie mstari mmoja, nitaelewa na nitabaki huku, pesa za shule zitakuja vilevile. Nisipopata barua yoyote, nitapanda basi.

Kila siku karani wa shamba akipita na mfuko wa barua, nitakuwa naomba asiwe na yangu.

Ni mimi mwanenu,
Nyabuto